Pikipiki ya Mzee Imepanda Bei

Katika miaka ya karibuni, watu wenye pikipiki kuukuu hapa Dodoma wamekuwa wakipata wageni wasiowatarajia. Zamani aliyebisha hodi kuulizia chuma kilichoegemezwa nyuma ya jiko alikuwa kijana wa vyuma chakavu mwenye mzani wa kuning'iniza, na bei yake ilihesabiwa kwa kilo. Siku hizi anakuja mtu aliyevaa vizuri, anapiga picha tanki upande wa kulia na wa kushoto, anachuchumaa kusoma namba zilizogongwa kwenye injini, kisha anataja fedha inayotosha kununua Boxer mpya dukani na kubakiwa na ya mafuta. Jambo hilo limetufika nyumbani kwetu, kwa pikipiki ya marehemu baba, nalo ndilo lililonifanya nifuatilie kwa nini chuma kilichozeeka kinapanda bei wakati sisi tuliokitumia tulikwisha kukifuta katika hesabu zetu.

Habari za huko nje huanza na tarakimu za kutisha. Januari 2018, katika mnada wa Bonhams uliofanyika Las Vegas, Vincent Black Lightning ya mwaka 1951 iliuzwa kwa dola 929,000, fedha ambayo kwa kiwango cha kubadilishia cha wakati ule ilizidi shilingi bilioni 2. Pikipiki za aina hiyo zilitengenezwa takribani 30 tu nchini Uingereza, na hiyo iliyouzwa ilikuwa imevunja rekodi ya kasi ya Australia mwaka 1953 ikiendeshwa na Jack Ehret. Miaka mitano baadaye, katika jiji lilelile, Harley-Davidson ya mwaka 1908 iliipita kidogo kwa kufikia dola 935,000. Hizo ni bei za matajiri wachache wanaoshindana, na sidhani kama zina mengi ya kutufundisha. Kinachonivutia zaidi ni yanayotokea chini yake, kwa pikipiki zilizotengenezwa kwa maelfu na kuuzwa kwa watu wa mshahara.

Chukua Honda CB750 ya mwaka 1969. Ilipotoka, ilimpa mtu wa kawaida injini ya silinda nne na breki ya diski mbele, mambo ambayo kabla yake yalikuwa ya mashine za mashindano, na kwa bei yake viwanda vya Uingereza havikuweza kushindana nayo. Honda yenyewe haikuwa na hakika kama watu wangeinunua, kwa hiyo haikugharimia mapema kalibu ghali za kutengenezea kasha za injini kwa wingi. Takribani injini 7,400 za mwanzo zikatoka na uso wa kukwaruza kama uliomwagwa kwenye mchanga. Leo wapenzi wa pikipiki hizo huzitafuta hizo za mwanzo kuliko nyingine zote, na tofauti ya bei kati yake na zilizofuata ni kubwa mno. Hazikimbii zaidi wala hazidumu zaidi. Zinalipiwa kwa sababu zinaonyesha wasiwasi wa kampuni ambayo wakati ule haikujua kwamba imeshinda.

Ukiwatazama wanunuzi, utaona kwamba wengi wao wako katika umri unaofanana. Kijana aliyekuwa na miaka 16 mwaka 1973 aliiona Kawasaki Z1 ikipita, injini yake ya sentimita za ujazo 903 ikinguruma, na hakuwa na fedha ya kununua hata kioo chake cha pembeni. Kijana huyo sasa amestaafu, nyumba amemaliza kuilipia, watoto wameondoka, na ile tamaa haijaondoka. Ndiyo maana bei hizi huhama kizazi hadi kizazi: wanaozikumbuka pikipiki za Kiingereza za miaka ya 1930 wanazidi kupungua duniani, na minada inazidi kutawaliwa na Mjapani wa miaka ya 1970 na 1980. Sheria nazo zimesukuma. Injini za tu-stroki, zile zinazochoma oili pamoja na petroli na kuacha moshi wa buluu, zilisukumwa nje ya barabara za nchi tajiri na kanuni za hewa safi, karibu zote zikaacha kutengenezwa kwa ajili ya barabara hizo, na tangu hapo idadi yake haiwezi kufanya lolote ila kupungua. Uingereza pikipiki ikitimiza miaka 40 husamehewa kodi ya barabara, kwa hiyo uzee wenyewe unakuwa na faida kwa mwenye chombo. Kisha ikaja Korona, watu wenye akiba wakafungiwa majumbani mwaka 2020 wakiwa na simu mkononi na minada ya mtandaoni mbele ya macho yao.

Hayo yote ni ya kwao. Sisi huku katikati ya nchi hatukukua tukikata picha za Kawasaki kwenye majarida, na mtu anayedhani kwamba pikipiki ya zamani ina thamani kwa mtu wa Kondoa kwa sababu zilezile zilizoipa thamani kwa mstaafu wa Birmingham atakosea hesabu tangu mstari wa kwanza. Hapa pikipiki ilikuja na kazi. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni ziliadimika, maduka yakawa matupu, na chombo kipya chenye injini kilionekana kwa bwana shamba, bwana mifugo, mratibu elimu, katekista au mganga wa zahanati ya misheni. Ukiwa mtumishi ungeweza kukopeshwa na kukatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Usipokuwa mtumishi ulikuwa na baiskeli, na usipokuwa na baiskeli ulikuwa na miguu.

Baba alikuwa bwana misitu katika mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanzishwa mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden ili kuponya ardhi iliyoliwa na makorongo. Wasomaji waliozaliwa Kondoa hawahitaji kuelezwa makorongo yale; wengine na wafikirie kilima kilichochanwa kuanzia kichwani hadi miguuni, udongo mwekundu ukiwa umeshuka wote na kulala bondeni kama mchanga. Mwaka 1979 uamuzi mzito ukafanywa, mifugo yote ikatolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Mtu aliyetumwa kwenda kuyazungumza hayo vijijini, na baadaye kuangalia kama yametekelezwa, alihitaji chombo cha kupita mchangani na kupanda milima ya Irangi. Ndipo ilipopatikana Yamaha DT175.

Nasema haya kwa sababu wanaoandika juu ya pikipiki za zamani wamezoea kuandika kana kwamba kila mtu aliyeisikia ikija aliifurahia. Ya baba haikuwa hivyo. Upande wa Haubi na Kolo mlio wake ulijulikana kutoka mbali, na kulikuwa na wachungaji ambao wakiusikia waliwaswaga ng'ombe haraka kuwavusha mpaka wa eneo lililokatazwa. Kulikuwa pia na wazee walioukubali mradi na kumkaribisha maziwa ya mgando. Mama anakumbuka mtu mmoja aliyekataa kabisa kuitikia salamu ya baba kwa miaka mingi kwa sababu ya ndama mmoja, halafu akaja msibani na kukaa siku zote tatu. Pikipiki ile imebeba mambo hayo yote pamoja, na sioni namna ya kuyatenganisha ili yabaki matamu tu.

Kama chombo, DT175 ilistahili sifa zake. Yamaha ilikuwa imefungua njia mwaka 1968 kwa DT-1 ya ujazo wa 250, pikipiki nyepesi ya njia mbovu ambayo mtu angeweza kuiendesha kwenda kazini na jioni akaipeleka porini, na 175 ilikuwa mdogo wake wa miaka ya 1970. Gurudumu la mbele ni kubwa, inchi 21, ili lisizame wala kugonga kila jiwe. Ekzosi imepandishwa juu isiguse maji ya mto. Na injini yake, ya tu-stroki na ya silinda moja, ina sehemu chache kiasi kwamba fundi mwenye spana chache na subira anaweza kuifungua juu ya gunia chini ya mti. Ilikuwa na mfumo ambao Yamaha iliuita Autolube, uliobuniwa mwaka 1964: oili inakaa kwenye kitanki chake, na pampu ndogo huipeleka injini kwa kipimo kinachofuata jinsi unavyoongeza au kupunguza mafuta, hivyo mwendeshaji hachanganyi chochote.

Pampu hiyo kwenye pikipiki yetu haipo. Mahali pake pana kipande cha bati kilichokatwa kwa mkasi, kikafungwa kwa skrubu mbili za ukubwa tofauti na kuzibwa kwa gundi ya gasketi iliyokauka na kugeuka rangi ya chai. Kuna wakati pampu iligoma, spea haikupatikana Dodoma wala Dar es Salaam, na fundi mmoja wa Kondoa mjini akaiondoa kabisa na kumfundisha baba kupima oili kwa chupa ya soda na kuimimina ndani ya tanki la petroli. Tangu siku ile ikawa hivyo. Kiti kilishonwa upya kwa reksini nyeusi na fundi viatu, uzi wake mnene ukiwa wa rangi ya maziwa. Mguu wa kiki ulivunjika ukachomelewa, nao umepinda kidogo kwa nje, kiasi kwamba asiyeizoea hujigonga ugoko. Spidi mita ilikufa, taa za indiketa zikaondoka moja moja. Hata kasha la injini la upande wa kushoto ni la pikipiki nyingine ya ofisi iliyokuwa imepigwa bodi, yaani imeondolewa rasmi katika matumizi, baada ya cheni kukatika na kulipasua la kwanza.

Sasa mgeni wetu, mfanyabiashara kutoka Arusha ambaye hununua vitu vya namna hii na kuwapelekea wateja wake, aliyaona yote hayo kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kuyaandika. Kwa kila jambo alilolitaja, bei ilishuka. Pampu haipo, punguza. Kiti si chake, punguza. Rangi ya tanki imepigwa kwa brashi, punguza. Lakini tanki lenyewe halina kutu ndani, fremu haijachomelewa popote, kabureta ni Mikuni ile iliyokuja nayo, kadi ya usajili ipo, ongeza. Alikuwa mtu muungwana, alimwamkia mama vizuri na kunywa chai, na maelezo yake yalikuwa ya kweli. Mnunuzi wa siku hizi analipia kile ambacho hakijaguswa. Pikipiki iliyokaa stoo tangu iliponunuliwa ina thamani kuliko iliyotumika, iliyotumika na kuchakaa na vipuri vyake vyote ina thamani kuliko iliyotengenezwa, na iliyotengenezwa kwa vipuri vya kiwandani ina thamani kuliko ile iliyonusurika kwa bati na chupa ya soda.

Hapo ndipo ninapotofautiana na soko, ingawa sina uwezo wa kulibadilisha. Katika nchi ambayo spea zilikosekana kwa miaka, pikipiki isiyoguswa ni ile iliyokufa mapema. Iliyofika leo imefika kwa mkono wa fundi. Lile bati lina habari za uchumi wetu wa miaka ya 1980 kuliko pampu ambayo ningeweza kuiagiza leo kutoka ng'ambo na kuifunga kwa saa moja, na fundi aliyelikata alifanya kazi ya akili, kwa maana mtu asiyejua injini ya tu-stroki angeziba pampu na kuiua injini wiki hiyohiyo. Nikiliondoa, bei itapanda. Nimeshauliza.

Kuna jambo jingine ambalo wenzetu wa nje hulifurahia na sisi hulikimbia. Kwao, namba ya injini na ya fremu zikilingana na kumbukumbu za kiwanda, bei hupaa. Kwetu namba hizo zimeandikwa kwenye kadi, na zisipolingana na kilichopo unaweza kuitwa kituoni kueleza injini umeitoa wapi. Wakati kasha lile lilipobadilishwa hakuna aliyefikiria minada. Lilikuwa suala la baba kufika kazini Jumatatu. Leo namba iliyogongwa pale si ile iliyomo kwenye kadi, na bei inavyopanda, ndivyo na wahuni wanavyojifunza kugonga namba upya na kuunganisha pikipiki tatu kuwa moja ya kuuzia wageni. Anayetaka kununua, aanze na kadi, afuate namba, na rangi aiangalie mwisho.

Nilipoanza kupendezwa na mambo haya nilikwenda kwenye yadi moja ya vyuma chakavu pembezoni mwa Kizota kuona kilichobaki. Kilichonishtua ni jinsi tulivyochelewa. Chini ya rundo la fremu za baiskeli na viti vya daladala palikuwa na nusu ya injini yenye nembo ya bunduki tatu zilizosimamishwa zikaegemeana, ambayo ni nembo ya BSA ya Birmingham, kiwanda kilichoanza kwa kutengeneza silaha. Mwenye yadi alisema ilitoka upande wa Kongwa. Inawezekana, Kongwa ndiko Waingereza walikoanzisha mradi wao wa karanga mwaka 1947 na kuutelekeza mwaka 1951 baada ya kumwaga mamilioni ya pauni kwenye ardhi isiyotaka karanga zao, na mitambo mingi waliyoileta ilikuwa mabaki ya vita. Kwa ukubwa wa silinda ilikuwa Bantam, pikipiki ndogo ya ujazo wa 125 iliyoanza kuuzwa mwaka 1948. Michoro ya Bantam Waingereza waliichukua Ujerumani kama sehemu ya fidia ya vita, kutoka DKW RT125. Marekani nako wakaichukua, Harley-Davidson wakaitengenezea yao, Warusi vilevile. Na mwaka 1955 kampuni moja ya Kijapani iliyojulikana kwa vinanda ilipotaka kuingia katika biashara ya pikipiki, nayo iliifuata DKW hiyohiyo katika pikipiki yake ya kwanza, YA-1. Hiyo ndiyo Yamaha. Kwa hiyo lile kasha lililokuwa likisubiri lori la kwenda kuyeyushwa lilikuwa na ukoo mmoja na pikipiki ya baba. Niliinunua kwa kilo, kwa bei ya chuma, na mwenye yadi aliniona kama mtu mwenye fedha za kuchezea.

Kwa njia hiyohiyo ya ukoo, vijana wa bodaboda wanaopaki Jamatini na Sabasaba wakisubiri abiria wamekalia historia bila kuambiwa. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, iliyoundwa makusudi kwa nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mzigo mkubwa na oili husahauliwa; injini yake iliachana na cheni ya juu inayodai kukazwa na kutumia fimbo za kusukuma valvu. Wachina waliinakili kwa wingi, na pikipiki nyingi za Kichina zilizojaza barabara zetu tangu miaka ya 2000 zinatokana na injini ile. Hakuna anayeitunza hata moja. Baada ya miaka 30 mtu atatafuta bodaboda ya kwanza kabisa, yenye namba na viti na maandishi yake ya nyuma, na hataipata, kwa sababu zote zitakuwa zimetumika hadi mwisho. Ningekuwa na nafasi ningeiweka moja sasa hivi, ile yenye maandishi kwenye bango la matope, kabla haijaitwa ya kale.

Dodoma ina faida yake katika biashara hii. Mvua yetu kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, hewa ni kavu, na chuma kilichosimama hapa hakiliwi na kutu kama kile cha Tanga au Bagamoyo ambako chumvi ya bahari hula spoku kimyakimya. Ndiyo maana wanunuzi wa Arusha na Dar es Salaam wanapanda huku. Gharama tunailipa kwingine: jua hupasua mpira na kufubaza plastiki, na vumbi letu laini likipita kichujio cha hewa huisaga pistoni na ringi taratibu, mpaka fundi achonge silinda na kuingiza pistoni ya ovasaizi. Tangu lami ya kutoka Dodoma hadi Kondoa na Babati ikamilike, mwaka 2018, hata vumbi hilo limepungua, na pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya njia ile haina tena njia iliyoundiwa. Kijana wa Boxer anafika Kondoa akiwa na shati safi.

Je, ni uwekezaji? Watu huniuliza hivyo kwa uzito, na jibu langu limewaudhi baadhi. Ukihesabu kwa shilingi, pikipiki iliyotajwa kwa laki nne miaka michache iliyopita na leo ikatajwa kwa milioni nne inaonekana imezaa mara kumi. Lakini hesabu hiyo inasahau tairi, gasketi, plagi na pistoni zinazoagizwa ng'ambo na kulipiwa ushuru. Inasahau kwamba shilingi yenyewe imekuwa ikipungua nguvu. Na zaidi ya yote inasahau kwamba soko hili lina wanunuzi wachache mno. Akikata simu yule mmoja, bei haipo. Mtu aliyepata kiwanja enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kabla Serikali haijahamia hapa kwa vitendo mwaka 2016, amepata faida ambayo hakuna pikipiki itakayoifikia, na kiwanja hakivujishi oili. Anayetaka fedha iongezeke na aende Nzuguni au Iyumbu akatafute ardhi yenye hati. Pikipiki kuukuu inunuliwe na mtu ambaye atairidhia hata kama bei itarudi kwenye kilo.

Bima nayo ina mantiki yake. Katika vitabu vya ofisi chombo hupunguzwa thamani kila mwaka mpaka kinafika sifuri, kikapigwa bodi na kuuzwa. Nilipouliza kama naweza kuikatia pikipiki ya baba bima kubwa, niliambiwa kwa upole kwamba kwa umri ule haina thamani. Niliondoka na bima ndogo, nikiwa na kitu chenye thamani sifuri kwa mujibu wa meza ya bima na milioni nne kwa mujibu wa mgeni aliyekunywa chai kwetu.

Thamani ya sifuri ilikuwa na raha yake, na hili sikulijua mpaka ilipotoweka. Baba alipofariki, mirathi ilisimamiwa vizuri: nyumba, shamba, ng'ombe wachache. Pikipiki haikutajwa na mtu. Iliachwa kwangu kwa sababu nilikuwa na mahali pa kuiweka, na ndugu zangu walikuja kuipapasa kiti, wakapiga nayo picha sikukuu ya Idi, wakaondoka. Tuko watano, wa kiume wawili na wa kike watatu, pamoja na mama. Kwa mafungu ya sheria yetu ya Kiislamu mama ana thumni, yaani moja ya nane, na saba ya nane zinazobaki zinagawanywa mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja, kwa hiyo kwa bahati ya hesabu kila dada naye anaishia na moja ya nane. Pikipiki ya laki nne ilimpa kila mmoja wao shilingi 50,000, na nani angeitisha kikao cha ukoo kwa 50,000? Pikipiki ya milioni nne inampa 500,000, ambayo ni ada ya mtoto.

Dada yetu anayefuatana nami ndiye aliyelisema. Alipiga simu, akasalimia, akauliza hali ya mama, kisha akasema, "Kaka, mimi siigombei pikipiki ya mzee. Naulizia fungu langu tu." Nilijaribu kumweleza habari za bati na chupa ya soda. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza kama bati hilo linampunguzia fungu au linamwongezea.

Tulikaa kikao. Nilipendekeza tutumie bei ya fundi wetu wa hapa, ambaye aliikadiria milioni moja na nusu kama chombo cha kuendesha, na nilikuwa na hoja nzuri za kuitetea. Dada akasema bei ya kitu ni ile ambayo mtu aliyesimama mlangoni yuko tayari kuitoa, na huyo mtu anajulikana, na amenywa chai. Sikuwa na jibu, na hadi leo naona alikuwa na haki. Sisi tunaopenda vitu vya zamani tuna tabia hiyo: tukijisifu kwa marafiki tunataja bei ya mnada, tukitakiwa kuwalipa ndugu tunataja bei ya gereji. Mama alisema neno moja tu, kwamba thumni yake haitaki, lakini isiuzwe kwa mtu atakayeiweka ukutani hotelini. Mdogo wangu wa kiume akaomba fungu lake lihesabiwe kama haki ya kuiendesha siku za sikukuu. Wale dada watatu nitawalipa kwa awamu kwa hesabu ya milioni nne, na awamu ya kwanza imekwisha kutoka.

Linalobaki ni kadi. Ili iandikwe jina langu, barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo ninayo, lakini namba ya injini inapaswa kulingana, nayo hailingani. Fundi anasema njia fupi ni kutoa maelezo, kukaguliwa na kubadilishiwa kumbukumbu. Njia ndefu ni kulirudisha kasha la kwanza, ambalo baba, kwa kuwa hakuwahi kutupa kitu, alilihifadhi kwenye debe pamoja na misumari. Ufa wake unaweza kuchomelewa na mtu anayejua aluminiamu. Mimi naipenda njia ndefu. Dada amekwisha kuniuliza kama, kasha la kiwandani likirudi na namba zikalingana, ile hesabu ya milioni nne itakuwa bado ni sahihi.